Je, Umeme Kukatika ni Uzembe?

Swali hilo lilituweka kikaoni siku nne. Tulikuwa watu kumi na wanane, tunacheza Albion Online, mchezo unaokubali hata simu ya bei ya chini, na usiku ule tulikuwa tunatoka shimoni katika ukanda mweusi, mahali ambapo ukiuawa unapoteza ulichovaa na ulichobeba. Tulipokaribia njia ya kutokea, maadui wakatuzukia. Kiongozi akapaza sauti tukimbie. Kumi na saba tukakimbia, mmoja akabaki amesimama wima kama mlingoti wa bendera. Huyo yuko Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Umeme ulikuwa umekatika mtaani kwao, ruta ikazima, na simu ilikuwa bado inatafuta data. Aliporudi mchezoni alijikuta mjini, hana hata viatu.

Chama chetu, yaani kundi letu la kudumu la wachezaji, kama vyama vingi vya mchezo huo, kina ghala. Anayekufa akitekeleza amri huvishwa upya kutoka ghalani. Anayekufa kwa uzembe wake hujivisha mwenyewe. Sasa huyu wa Arua tumweke wapi? Amri ilikuwa kukimbia, naye hakukimbia. Lakini hakuisikia. Mwenzetu wa Nairobi alisema waziwazi kwamba ghala si mfuko wa misaada, na kwamba mtu anayejua umeme wa kwao ni wa kubahatisha asiingie ukanda mweusi na zana za bei kali. Dada mmoja wa Mbale, ambaye kwa kawaida haongei, akamjibu kwa swali: "Kaka, na ungezaliwa wewe Arua?" Baada ya hapo hakuna aliyelala mapema.

Nimecheza michezo ya namna hii tangu enzi za vibanda vya intaneti vya Wandegeya, hapa Kampala, tukilipia kwa dakika huku mwenye kibanda akituangalia kwa jicho la hesabu. Mahubiri kuhusu tabia njema mchezoni nimeyasikia mengi: usiibe, usitukane, saidia wageni. Sina ugomvi nayo, ila hayagusi penye uzito. Anayeiba ngawira anajua anaiba. Kesi ngumu ni ya watu wawili wema, kila mmoja na hoja yake, upanga mmoja ukiwa chini katikati yao. Kwa zaidi ya miaka ishirini waundaji wa michezo wamekuwa wakijaribu kutuondolea kesi hiyo, na mara nyingi walipofaulu, walituondolea na kile kilichotufanya tuwe chama.

Mchezo wa EverQuest ulipofunguliwa Machi 1999, joka moja lilihitaji makumi ya watu, na likifa liliacha vitu vya kuhesabu kwa vidole. Watu arobaini, vitu viwili: hesabu hiyo haina jawabu la usiku mmoja. Chama kimoja kilichoitwa Afterlife kikabuni daftari mwaka huohuo. Ukihudhuria unaandikiwa pointi, kitu kikidondoka unakinunua kwa pointi ulizolimbikiza. Zikaitwa pointi za kuua majoka. World of Warcraft ilipokuja Novemba 2004, na pango lake la Molten Core lenye kuhitaji watu 40, daftari lile likawa kama katiba ya vyama dunia nzima.

Kilichonivutia siku zote ni kwamba kampuni haikuliandika. Mchezo haukuwa na mahali pa kuweka pointi hizo. Vyama viliziweka kwenye majedwali yao, vikakosoana, vikahesabu upya. Kila chama kilikuwa na sheria zake. Wapo waliokata pointi za mchelewaji. Wapo waliofanya pointi za zamani zipungue zenyewe ili wakongwe wasizikalie kama mayai. Wengine walimtanguliza mwenye ngao katika mgawo, kwa sababu akianguka yeye wote wamekwisha. (Mimi nilikuwa mponyaji, na sheria hiyo ya mwenye ngao sikuipenda hata siku moja. Mwenye ngao anasimama kwa sababu ya nani?)

Aliyekulia Kampala hahitaji kufundishwa mambo haya. Shangazi yangu, ssenga kama tunavyomwita, ana miaka mingi katika nigiina ya Nakawa, upatu wa akina mama ambapo kila mmoja huchanga na kila mmoja hupokea kwa zamu yake, kwa vigelegele na zawadi. Kule kijijini kuna munno mukabi: ukifiwa, wenzako wanaleta sufuria, kuni, viti na mchango, usipohudhuria misiba ya wenzako unatozwa faini, na ukizidi, siku yako utachimba kaburi na ndugu zako peke yao. Hata steji ya boda boda ina mwenyekiti, ada ya kuingia na zamu ya abiria. Sheria za chama cha kuua majoka na sheria za steji zinafanana kiasi kwamba nashangaa bado tunaambiwa michezo hii ni mambo ya wazungu. Joka tu ndilo la wazungu.

Oktoba 2009, Elinor Ostrom alitunukiwa Nobeli ya uchumi, mwanamke wa kwanza kuipata, kwa kuonyesha kwamba watu wanaochangia malisho, maji au samaki wanaweza kujitungia sheria, kuchungana na kuadhibiana kwa kiasi, bila serikali kuwasimamia wala tajiri mmoja kuimiliki mali. Miezi miwili baadaye, tarehe 8 Desemba, World of Warcraft ikaleta kifaa cha kutafuta kundi. Unabonyeza, unasubiri, mashine inakuletea wenzako wanne, hata kutoka seva nyingine kabisa, yaani nakala nyingine ya dunia ya mchezo yenye wakazi wake. Mnamaliza pango, mnaachana, hamwonani tena. Mimi huyaona mambo hayo mawili kama watu waliopishana mlangoni bila kusalimiana.

Kabla ya kifaa hicho, kupata kundi kulichosha. Ulisimama mjini nusu saa ukipiga kelele kama kondakta wa taksi anayetafuta abiria wa mwisho wa Mukono. Nusu saa hiyo siililii. Lakini mwizi wa ngawira, yule tuliyemwita ninja, alijulikana seva nzima. Akinyakua kitu leo, wiki haiishi hajakosa kundi la kumchukua. Kifaa kilipokuja, ninja akapata amani, kwa kuwa aliowaibia hawakuwa majirani zake tena. Basi kampuni ikalazimika kufanya kwa msimbo kazi ambayo majirani waliifanya kwa midomo. Mwaka 2018, katika toleo la Battle for Azeroth, mgawo wa mtu binafsi ukawa lazima: bosi, yaani adui mkuu wa pango, akifa, kila mtu anapata chake au anakosa chake moja kwa moja, na msimamizi wa ngawira akafutwa kazi.

Ugomvi uliisha kweli. Ila ukapata kitu chenye namba kubwa ya nguvu kuliko ulicho nacho, mashine haikukuruhusu kumpa mwenzako, hata kama wewe hukitaki na yeye amekililia mwezi mzima. Ukarimu ukawa kosa la kiufundi. Daftari za miaka kumi zikakosa cha kuandikwa. Novemba 2022, toleo la Dragonflight likarudisha mgawo wa kundi katika mapambano makubwa, na malalamiko yakarudi pia, bila shaka. Nilipoyasikia nilifurahi kama mtu anayesikia watoto wa jirani wakigombana baada ya nyumba kukaa kimya kwa muda mrefu.

Kisa kilichoniuma zaidi kinatoka mchezo wa RuneScape. Kampuni yake, Jagex, ilisumbuliwa na wauza dhahabu ya mchezo kwa pesa halisi, biashara iliyoambatana na wizi wa kadi za benki. Mwanzoni mwa mwaka 2008 ikaweka ukomo: mkibadilishana vitu, tofauti ya thamani isizidi kiasi kidogo kilichopangwa. Wauza dhahabu walibanwa. Pamoja nao alibanwa kaka anayetaka kumpa mdogo wake silaha ya kuanzia, na mkongwe anayestaafu akitaka kuwagawia rafiki zake mali yake. Haki ya aina hiyo inamwona kila mtoaji kuwa mshukiwa. Iliwachukua miaka mitatu; baada ya kura ya wachezaji, ambapo walio wengi mno walisema ndiyo, biashara huria ilirudi tarehe 1 Februari 2011.

Nisije nikaonekana natamani zamani. Kuna mahali mashine imeleta ushirikiano ambao binadamu tulishindwa kuuleta. Katika michezo ya mwanzo ukikuta mtu anachimba madini, yeye ni adui yako, kwa sababu jiwe ni moja. Guild Wars 2, mwaka 2012, ikaamua kila mchezaji awe na jiwe lake mahali palepale, na kila aliyempiga mnyama kwa kiasi cha kutosha alipwe. Ghafla mgeni akitokea unafurahi. Final Fantasy XIV nayo huwalipa wakongwe ziada wakikuta mtu anayeingia pango kwa mara ya kwanza, hivyo mgeni ambaye kwingine angetimuliwa kwa matusi, pale anakaribishwa kama mgeni wa harusi. Hizi nazipokea kwa mikono miwili. Tofauti yake na zile nilizozilalamikia ni ndogo lakini ina uzito: hapa mashine imewapa watu sababu ya kukutana, na kule imewaondolea.

Sasa turudi kwetu, kwa sababu haya yote yamesemwa kana kwamba wachezaji huketi mezani wakiwa sawa. Hatuketi sawa.

Ishara kutoka Kampala huenda Kenya, inashuka Mombasa, inaingia baharini, ndipo ianze safari ya kwenda Ulaya. Kwenda na kurudi ni zaidi ya milisekunde mia moja siku ikiwa njema. Wakati Albion haikuwa na seva ya Ulaya tulikuwa tukicheza mpaka Marekani. Seva ya Ulaya ilipofunguliwa mwishoni mwa Aprili 2024, tulisherehekea kama watu waliopelekewa barabara ya lami. Wiki mbili baadaye, tarehe 12 Mei, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zikakatika, na nyaya za Bahari ya Shamu zilikuwa tayari zimeharibika tangu Februari. Afrika Mashariki nzima ikayumba. Chama kimoja cha Waingereza nilichokuwa nimejiunga nacho kwa majaribio kilinikata pointi za mahudhurio za juma lile. Nilieleza. Kiongozi wao akanijibu kwa adabu kabisa kwamba sheria ni moja kwa wote.

Ni moja kwa wote, ndiyo. Mapambano yao yalianza saa mbili usiku ya London, ambayo kwetu miezi ya baridi yao ni saa tano usiku. Wao wanatoka mezani wakiwa wameshiba, mimi nazuia miayo na kuhesabu megabaiti. Julai 2018 serikali yetu ilipoweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii, mchezo wenyewe haukuguswa, lakini WhatsApp tuliyoitumia kupanga mapambano iliguswa. Wengi wakakimbilia programu za kuficha njia (VPN), na njia ikawa ndefu zaidi. Julai 2021 kodi hiyo ikaondolewa, badala yake data ikatozwa asilimia 12. Na Januari mwaka huohuo, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Kuna daftari gani la mahudhurio lenye safu ya "serikali imezima"?

Kisha ipo pesa, na hapa ningependa tukae kidogo. Michezo mingi ya aina hii inakataza kuuza dhahabu ya mchezo kwa pesa halisi. Hoja yao naijua na sehemu kubwa naikubali: roboti huvuruga soko, akaunti huibiwa. Lakini RuneScape imeuza hati zake za Bond, unazonunua kwa pesa halisi na kuziuza kwa dhahabu ya mchezo, tangu 2013, World of Warcraft ikaleta tokeni yake ya namna hiyo mwaka 2015, kwa Marekani dola 20 moja, na Albion huuza dhahabu yake kwa pesa halisi nawe unaibadilisha kuwa fedha ya mchezo sokoni. Maana yake mwenye dola anaingia dukani kwa mlango wa mbele, ananunua utajiri wa mchezo kihalali, risiti mkononi. Kijana wa Bwaise, mtaa wa watu maskini Kampala, mwenye muda na asiye na dola akitaka kutoka na shilingi kwa mlango uleule, anakuwa mhalifu. Mlango ni mmoja, ila unafunguka upande mmoja.

Kampuni zitasema, na ni kweli, kwamba mfumo huohuo unamwezesha asiye na pesa kulipia uanachama wake kwa jasho la mchezo. Nimefanya hivyo miezi mingi. Mtu wa Ulaya ananunua dhahabu, mimi nainunua kwake kwa fedha niliyochimba, nalipia mwezi wangu. Ni mpango mzuri. Ila usiitwe usawa. Yeye amelipa kwa saa chache za kazi ya ofisini, mimi nimelipa kwa majuma mawili ya kuchimba. Tumekutana mchezoni kama vile mwenye duka na mpagazi wanavyokutana sokoni Owino: wanasalimiana vizuri, wanataniana, na jioni kila mmoja anarudi kwake.

Uchumi wa Venezuela ulipoporomoka, Wavenezuela wengi waliingia Old School RuneScape kuua majoka na kuuza mapato yake ili wale. Baadhi ya wachezaji wa nchi tajiri walijipanga kuwawinda, wakijiita walinzi wa haki ya mchezo. Kisheria hawakukosea. Mimi mwenyewe sijawahi kuuza, na katika chama chetu tumekubaliana kutouza, kwa sababu mtu akianza kuona ghala kama mshahara, kesho yake ghala halipo. Lakini siwezi kumwita mwizi yule anayeuza alichokichimba mwenyewe. Maneno mengine tuwaachie waliokula.

Ndiyo maana kesi ya Arua ilikuwa kubwa kuliko viatu vya yule kijana. Mwenzetu wa Nairobi alikuwa anatetea sheria moja kwa wote, na sheria moja kwa wote ndiyo iliyonikata pointi mimi juma la nyaya. Dada wa Mbale alikuwa anatetea kuangalia mtu alipo. Baada ya siku nne tukapiga kura, kumi na moja kwa sita, kwamba umeme kukatika si uzembe, na kijana akavishwa upya. Mwenyewe hakupiga kura. Alisema mwenye njaa hapimi unga.

Mngedhani mambo yakaishia hapo. Wiki sita hazikupita, umeme wa Uganda ukaanza kukatika kwa namna ambayo hata wahandisi hawawezi kuieleza: ulikatika kila mtu alipokaribia kufa. Mmoja alivishwa mara tatu katika mwezi mmoja. Mara ya nne alidai mtaa wake wote wa Ntinda uko gizani, na mwenzetu anayekaa mtaa huohuo, nyumba tatu kutoka kwake, alikuwa mchezoni anachimba mawe kwa utulivu. Banange! Tulicheka mpaka tukasahau kumkasirikia.

Wapo waliosema basi turudishe sheria ngumu, maana huruma imetumiwa vibaya. Sikukubali. Munno mukabi haikuvunjwa kwa sababu mtu mmoja alizika bibi yuleyule mara mbili. Walichofanya wazee ni kutuma mtu akaangalie. Nasi tukafanya hivyo: umeme ukikatika, mara mbili kwa mwezi unaaminiwa bila maswali, mara ya tatu unavishwa nusu, na mwenzako wa karibu anaulizwa. Sheria hiyo haingeweza kuandikwa na mtu yeyote aliyeko Berlin, anakotoka mtengenezaji wa mchezo huu, hata awe na nia njema kiasi gani. Inahitaji kujua Arua iko wapi, Ntinda iko wapi, na nani anakaa jirani ya nani.

Tena inahitaji lugha. Tulikuwa tukizungumza Kiingereza mwanzoni, kila mtu akichagua maneno kama anayejaza fomu. Mabishano yalipopamba moto watu wakahamia Kiswahili, kwa kuwa wa Goma hana Kiingereza, wa Mwanza hana Kiganda, na wa Eldoret hana subira. Sisi Waganda, ambao tangu 2005 katiba yetu inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili na bado wengi wetu tunakihusisha na bunduki za wanajeshi, tulianza kwa utani: kiongozi akitoa amri tunamjibu "ndiyo afande". Siku hizi utani umepungua. Ni vigumu kumkatalia mtu ombi lake kwa lugha aliyokuamkia nayo.

Kuna jambo moja ambalo hatujalimaliza, na nalitaja kwa sababu ndilo linaloua vyama vingi kuliko ninja na umeme vikijumlishwa. Mgawaji naye ana tumbo. Mwaka 2007 katika EVE Online, mchezo wa anga ambapo utapeli kati ya wachezaji unaruhusiwa, ilibainika kwamba mfanyakazi wa kampuni yenyewe alikuwa amewapa watu wa muungano wake ramani adimu za kutengenezea vitu. Wachezaji waliokuwa wakivumilia kuibiwa na wenzao kila siku hawakuvumilia hilo. Mwaka uliofuata kampuni ikawa na baraza la wachezaji waliochaguliwa kwa kura, na baraza hilo lipo hadi leo. Sisi hatuna kampuni ya kulaumu. Tuna kiongozi mmoja, mtu mzuri, mkarimu, na ndiye anayekadiria thamani ya vitu vya sandukuni, ndiye anayegawa, na ndiye anayeshika ufunguo wa ghala.

Nilimsimulia shangazi kisa chote Jumapili moja, nikitafsiri ukanda mweusi kuwa njia ya majambazi na ghala kuwa sanduku la kikundi. Alisikiliza huku akimenya matooke, hakuuliza lolote kuhusu majoka. Mwisho akaniuliza mawili tu.

"Mwanangu, nani anaandika daftari?"

Nikamwambia kiongozi.

"Na yeye zamu yake ya kuchukua ni ya ngapi?"

Nikanyamaza, maana kiongozi wetu huchukua wa kwanza, na hakuna aliyewahi kuliona jambo hilo kuwa la ajabu, nami nikiwemo. Katika nigiina ya Nakawa mwandishi wa daftari huchukua wa mwisho. Nilipeleka pendekezo hilo kwenye kikundi usiku uleule. Dada wa Mbale aliliunga mkono kabla sijamaliza kuandika. Kura ni Jumamosi hii, saa tatu usiku, umeme ukiwepo. Kiongozi amekwisha kutangaza kwamba atapiga kura ya hapana, na ameomba, kwa Kiswahili safi, azihesabu yeye.